Kiwiliwili cha plastiki cha kufundishia anatomia: kagua rangi za moyo kabla ya kulipa

Nafundisha anatomia na fiziolojia ya mwanzo kwa wanafunzi wa uuguzi, na kifaa ninachokitumia kuliko vyote ni kiwiliwili hiki cha plastiki. Hakina mikono wala miguu, na ogani zake zinachomolewa moja moja. Nakipenda, na wanafunzi wanakigombania.

Uzuri wake mkubwa ni kuonyesha ogani zinavyopakana. Kwenye mchoro wa kitabu kila kitu kimelala bapa, mwanafunzi anakariri majina asijue nini kiko nyuma ya nini. Hapa, ili ulifikie kongosho, lazima utoe ini, kisha mfuko wa tumbo. Ndipo unaliona limekingama, kichwa kimekumbatiwa na duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo), mkia unaelekea kwenye bandama. Mwanafunzi akishafika huko kwa mikono yake mwenyewe, anaelewa upesi kwa nini mgonjwa wa kongosho hulalamikia mgongo.

Mapafu nayo yametengenezwa kwa uangalifu: la kulia sehemu tatu, la kushoto mbili. Njia ya hewa inayoingia pafu la kulia ni pana na imesimama wima zaidi, ndiyo maana shanga au punje aliyoivuta mtoto mara nyingi hunasa upande huo. Hata figo ya kulia imeshuka kidogo kumpisha ini. Vifaa vingi hulisahau hilo.

Sasa kasoro, na ni kubwa. Kwa mazoea ateri (mishipa inayotoa damu kwenye moyo) hupakwa nyekundu na vena (inayoirudisha) bluu, na aliyepaka kiwiliwili hiki amefuata mazoea hayo mpaka mapafuni. Amekosea. Rangi hizo zinaeleza hali ya damu iliyomo ndani ya mshipa. Ateri ya mapafu hutoka kwenye ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia ikiwa na damu iliyopungukiwa oksijeni, kwa hiyo inatakiwa iwe bluu. Vena za mapafu, kwa kawaida nne, hurudisha kwenye atria (chumba cha juu) ya kushoto damu iliyokwisha kupata oksijeni, basi hizo ni nyekundu. Hapa zimebadilishana. Mwanafunzi makini, anayeifuata rangi kwa kidole kama alivyofundishwa, anafikia jibu kwamba mapafu yanapokea oksijeni kutoka kwenye moyo! Nimezipaka upya kwa rangi ya kucha, na imeshika vizuri. Inasikitisha, kwa sababu moyo wenyewe ukiufungua ni mzuri mno: ukuta wa ventrikali ya kushoto umefanywa mnene kuliko wa kulia, kama inavyostahili chumba kinachosukuma damu mwili mzima.

Sumaku inayoshikilia ini ni dhaifu. Ukikiinamisha tu, ini chini.

Ndani ya boksi kuna pia seli ya plastiki iliyokatwa nusu, yenye kiini, mitokondria (vinavyoipa seli nishati) na utando wake. Inafaa kuanzia somo, ila usiiache peke yake mezani, wanafunzi wataamini kila seli iko hivyo. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini kabisa na upana wake ni mikromita 7 hadi 8 tu, wakati seli ya neva inayotoka uti wa mgongo hadi mguuni inaweza kuwa na uzi wa karibu mita nzima. Halafu kutoka kwenye seli hiyo kifaa kinaruka moja kwa moja hadi kwenye ogani. Tishu hazipo. Epitheli (tishu ya kufunika na kutandaza nyuso), tishu unganishi, misuli na neva nazifundisha kwa hadubini, ndipo tunarudi kwenye mfuko wa tumbo, ambao ukuta wake una zote nne.

Kwa darasa la mwaka wa kwanza nakipendekeza bila wasiwasi. Mwombe muuzaji akutumie picha ya moyo upande wa nyuma, vena za mapafu zinapoingilia. Zikiwa bluu, dai punguzo na ununue kichupa cha rangi nyekundu.