Kikundi cha kusaidiana kuacha pombe: kimenifaa, ila peke yake hakitoshi

Nahudhuria kikundi cha waraibu wa pombe kinachofuata Hatua 12, mwongozo wa kuacha pombe hatua kwa hatua wa Alcoholics Anonymous, mtandao wa vikundi vya kusaidiana ulioanzishwa Marekani mwaka 1935. Bado naenda, na nakipenda. Humo niliweza kusema kwamba mikono hutetemeka asubuhi na hakuna aliyeshtuka. Mdhamini wangu, mtu aliyeacha pombe miaka mingi iliyopita, hupokea simu yangu hata usiku wa manane.

Lakini kuna mambo wenzangu hawana uwezo nayo, na inaniuma kwamba wageni hawaambiwi mapema. Kubwa ni arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa pombe uliyoizoea. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kushikwa na degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha akachanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Hospitali wana dawa za kuizuia, pamoja na vitamini B1 ya kukinga ubongo. Kwetu, mgeni mmoja aliyelalamika kutetemeka na kutokwa jasho aliambiwa avumilie, aombe Mungu, arudi kesho. Usiku ule alianguka degedege. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mtu angemuuliza tu anakunywa kiasi gani na akikosa hujisikiaje, angepelekwa kwa daktari kwanza.

Halafu dawa. Naltrexone hupunguza hamu ya pombe, na Marekani iliidhinishwa kwa kazi hiyo tangu 1994. Daktari aliponiandikia, mkongwe mmoja kikundini alinitangazia mbele ya watu kwamba anayemeza vidonge bado hajaacha. Maandishi ya Alcoholics Anonymous yenyewe yanakataza wanachama kujifanya madaktari! Niliendelea na dawa, na nikaendelea kuhudhuria.

Usiri nao ni wa kuaminiana tu. Hakuna aliyekula kiapo cha kazi kama daktari au mshauri nasaha. Yale mazito ya utotoni nimeyapeleka kwa mshauri, na sonona yangu inatibiwa kliniki.

Kwa anayefikiria kujiunga: jiunge. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2020 na Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za afya, yaliona programu za namna hii zinasaidia watu wengi kukaa bila pombe. Ila kama unakunywa kila siku, anzia kwa daktari kabla ya kukata, na kikundi kikikuzuia kutumia dawa ulizoandikiwa, tafuta kingine.