Renaissance Wax kwa bunduki za kale: nje ipake, ndani tumia mafuta

Kopo la mililita 65 la Renaissance Wax, nta ya kulinda vitu vya kale, litaonekana ghali kwa anayelinunua mara ya kwanza. Lakini kiasi cha punje ya harage kinatosha mtutu mzima wa gobori, kwa hiyo kopo moja huhudumia bunduki nyingi.

Nta hii ilibuniwa British Museum, London, katika miaka ya 1950, kwa sababu nta za zamani zilikuwa na asidi iliyoharibu vitu polepole. Kwa bunduki inayokaa pwani tofauti hiyo ni kubwa. Nta ya nyuki hulainika kwenye joto na kunasa vumbi, na asidi yake ikikaa juu ya shaba ya kitako huota kutu ya kijani. Renaissance imetokana na mafuta ghafi ya ardhini, haina asidi, hukauka ikawa ngumu na haishiki alama za vidole. Kwenye bunduki za mrao (zinazowashwa kwa utambi) za Oman, zenye mikanda ya fedha, inafaa zaidi: fedha huchelewa kusawijika, na nakshi haziliki kwa kusuguliwa mara kwa mara.

Kabla ya kufungua kopo, hakikisha bunduki haikushindiliwa. Baruti nyeusi iliyokaa kavu ndani ya gumegume (bunduki ya kuwashwa kwa cheche za jiwe) haifi kwa umri. Ingiza kijiti cha mbao mtutuni mpaka kigote, tia alama kwenye mdomo, kitoe, kisha kilaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha yake ifike usawa wa tundu la moto, lile tobo dogo la kuwashia baruti. Ikiishia mbali na hapo, usichokonoe wala usipashe joto: mwite fundi bunduki.

Kutu nyekundu iondolewe kwanza kwa mafuta mepesi na sufi ya chuma namba 0000, bila kugusa ule weusi wa kale. Mnunuzi anayejua anaulipia. Nta haiondoi kutu. Ukiipaka juu ya chumvi na unyevu, chuma kitaendelea kulika chini yake huku juu kunang'aa. Futa mafuta yote kwa waiti spiriti (kiyeyusho cha rangi), acha pakauke, vaa glavu, kisha paka utando mwembamba kwa kitambaa cha pamba, sehemu ndogo ndogo. Ng'arisha baada ya dakika chache tu. Tabaka la pili lipakwe kesho yake, kwa mkono mwepesi, kwa kuwa kiyeyusho kilichomo huweza kuondoa lile la kwanza.

Kasoro yake ipo kwenye mbao. Nta ikijaa kwenye nyufa au nakshi za kitako cheusi hukauka ikawa nyeupe, na kuitoa kunahitaji brashi laini na subira. Vanishi ya kale nayo huweza kuyeyuka, hivyo jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Hata hivyo ni bora kuliko mafuta, ambayo hushuka taratibu kutoka kwenye chuma na kuozesha mbao pale mtutu unapokutana na kitako.

Usiipake ndani ya mtambo wa kufyatulia: ikigandamana kwenye springi na vyuma vinavyosuguana, jogoo, kile kinyundo kinachofyatuka, huwa mzito. Huko, na ndani ya mtutu, weka mafuta kidogo ya bunduki. Bunduki inayoshikwashikwa na wageni ikaguliwe kila masika yanapokaribia, hasa pembeni mwa skrubu, ambako nta hutoka mapema.