Uzoefu wangu: washa mpya, nati na soketi ya klachi kwenye Vespa PX, Tabora mpaka Kigoma

Naandika hii kwa urefu kidogo maana nilipokuwa najiandaa na safari nilitafuta sana maelezo ya Kiswahili kuhusu nati ya klachi ya Vespa sikupata, nilichokuta ni watu wanauliza tu spea zinapatikana wapi. Kwa hiyo mwenye Vespa ya zamani anayetaka kuitoa mjini kwenda mbali asome hii kabla hajapaki begi.

Nilichonunua ni seti ndogo ya kufungia klachi ya PX: nati yenyewe ile yenye mapengo juu kama taji, washa ya kukunja (kisahani cha bati chenye ulimi unaokunjwa kuizuia nati isirudi), kii ya nusu mwezi, halafu kando nikachukua soketi maalum yenye meno yanayoingia kwenye mapengo ya hiyo nati, na kichupa cha Loctite 243 ile ya bluu, gundi ya kushikilia nyuzi za nati. Mzigo uliagizwa Dar ukaja na basi. Chombo changu ni PX 150, injini ni ileile iliyozaliwa nayo, nipo Tabora mjini, na safari ilikuwa Urambo, Kaliua, Malagarasi, Uvinza, Kidahwe, Kigoma, karibu kilomita 400 kwenda tu.

Kwa nini nihangaike na nati wakati klachi ilikuwa inakamata vizuri? Ndo hapo watu wengi hawaelewi. Kwenye Vespa hizi klachi nzima imekaa kwenye ncha ya krenkshafti (krenki, shafti kuu ya injini), inabanwa na nati moja tu, na kinachoizuia isizunguke peke yake ni kile kikii kidogo cha nusu mwezi. Injini ni ya silinda moja, inapiga mapigo, ukivuta mafuta krenki inasukuma klachi upande mmoja, ukiachia ghafla kwenye mteremko tairi ndo linasukuma injini, nguvu inageuka. Nati ikiwa imebana sawasawa kii haisikii kitu maana klachi na shafti vimekuwa kitu kimoja. Nati ikilegea hata kidogo tu, kii inaanza kugongwa huku na huku, njia yake inapanuka, mwisho inakatika na hapo injini inanguruma vizuri kabisa ila pikipiki haiendi popote. Mbaya zaidi njia ya kii kwenye krenki ikishaharibika huongelei tena washa, unaongelea krenkshafti nzima na kupasua injini. Sasa fikiria hilo likukute kati ya Kaliua na Malagarasi, msitu wa miombo kushoto na kulia, mbung'o wanakusalimia.

Dalili zipo na ni vizuri mtu azijue. Moja, leva ya klachi, ile unayobana kwa mkono, inabadilika yenyewe, jana ilikuwa na uchezaji kidogo leo imekaza, wakati waya hujaugusa, hiyo ni klachi inasogea nje kuelekea kwenye kava. Nyingine ni mlio wa tik tik ukiwa sailensa (umesimama injini inanguruma tu), ambao ukibana klachi unabadilika au unakata. Na gia kuingia kwa kelele. Ukimwaga oili ya gia boksi ukaona imemetameta vipande vya chuma usiiwashe tena, fungua kwanza.

Yangu haikuwa na dalili hata moja kati ya hizo, ila nilipofungua kava nilichokiona kilinitisha. Fundi aliyeifungua kabla haijafika kwangu alitumia patasi na nyundo. Mapengo ya nati yamekunjwa midomo, mengine yamechongoka, na washa ya zamani ilikuwa imekunjwa, ikanyooshwa, ikakunjwa tena palepale, ulimi wake una ufa mweupe kabisa kwenye kona, niliugusa na bisibisi ukabaki mkononi. Yaani kitu ambacho kazi yake ndo kuishika nati isirudi nyuma kilikuwa hakishiki chochote. Na hii naona ni kawaida sana huku kwetu, mafundi wengi wamezoea bodaboda za Kichina na soketi ya Vespa hawana, akija mtu na PX wanachukua patasi, na mteja haoni maana kava likishafungwa kila kitu kinaonekana safi.

Nilienda kufanyia kazi kwa mzee mmoja pale Isevya, hapa Tabora, ambaye amezishika Vespa toka enzi zile walikuwa wanatembelea walimu wakuu na mapadri. Nikamsalimia shikamoo, nikamwonesha nati, akaigeuzageuza akasema "Mwanangu, hii imepigwa, haijafungwa." Akaniomba soketi aione, akaipima kwenye nati mpya, akatikisa kichwa akaridhika. Tukaanza.

Kwenye soketi kwanza. Ni nzuri, tena hiki ndo kitu nakisifia kuliko vyote nilivyonunua. Meno yake ni ya mraba, hayajachongwa kwa mteremko, yanashuka mpaka chini ya pengo, kwa hiyo ukizungusha haipandi juu na kuteleza. Nimewahi kuona zile za kuchomelea, mtu anachukua bomba anakata meno kwa msumeno, zinafanya kazi ya kufungua lakini kwenye kufunga zinayumba, na ikiyumba ndo unaanza kula nati. Mashimo ya juu ni ya nusu inchi, inakaa kwenye renchi yoyote. Lalamiko langu ni moja, haiji na kifaa cha kuzuia klachi isizunguke wakati unakaza, inabidi ujitegemee. Mzee alitumia kipande cha shaba laini akakibana kati ya meno ya gia ya klachi na gia kubwa, shaba haiumizi meno. Asitokee mtu akaweka bisibisi hapo, jino likimeguka linaenda gia boksi.

Washa nayo nimeipenda. Ni ya chuma laini, ulimi unakunjika bila kupasuka, na inakaa sawasawa kwenye klachi haizunguki. Hii washa ni ya kutumia mara moja, ukishanyoosha ulimi itupe, bei yake haifiki hata sahani ya chipsi mayai. Nilishangaa muuzaji mmoja wa spea hapa mjini aliponiambia wateja wake huwa wanaigeuza upande wa pili na kuirudisha. Jamani. Kitu chote hiki, krenki, klachi, safari yako, kimeshikwa na hicho kijisahani cha bati, halafu tunakibania pesa?

Kii ilikuwa inabana kidogo kwenye njia yake, mzee akaipitisha juu ya msasa laini mara kadhaa ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Na iwe hivyo hivyo, iingie kwa kubana, ikiingia inacheza usiitumie. Angalizo jingine kuna washa ya nyuma, inakaa kati ya klachi na beringi ya krenki, ukichomoa klachi huwa inanasa na oili mgongoni mwa klachi halafu inadondoka mtu hajui. Ihesabu kabla ya kurudisha.

Kuhusu Loctite, hapa nataka niseme vizuri maana kuna watu wanaiona kama muujiza. 243 ni ya nguvu ya kati, inakuwa ngumu ikikosa hewa katikati ya chuma na chuma, ndo maana kwenye chupa haigandi ila kwenye nyuzi za nati inaganda. Inavumilia mafuta zaidi kidogo kuliko zile nyingine na ukitaka kufungua unafungua kwa spana za kawaida. Lakini haichukui nafasi ya washa. Sisi tuliweka tone kwenye nyuzi za krenki kama msaidizi tu. Nyuzi lazima ziwe safi, tulizisafisha kwa petroli kavu kutoka sheli, sio ile ya kwenye tenki lako maana ile ina oili ya tuu stroku iliyochanganywa ndani, ukifuta nayo unaacha utando. Halafu ukishafunga iache ilale, nguvu yake kamili inafika baada ya saa 24, kwa hiyo kazi hii usiifanye usiku wa kuamkia safari. Kwa maoni yangu kama pesa ni ya kuchagua, nunua soketi na washa mbili tatu, gundi itafuata.

Kukaza. Kipimo cha nati ya klachi ya PX ni Nm 40 mpaka 45 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), sio zaidi. Mafundi wetu wanakaza mpaka mishipa ya shingo itoke, wanadhani ndo usalama, kumbe unavuta nyuzi za krenki. Tukaazima toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwenye gereji ya magari madogo, ile ya malori usiisogelee kwa hii kazi kwa sababu vipimo vyake vinaanzia juu mno. Tulipofika kwenye kipimo pengo la nati halikukaa sawa na ulimi wa washa, mzee hakurudisha nyuma, akasogeza mbele kidogo tu mpaka pakalingana, akaukunja ulimi taratibu kwa koleo kisha akaugongea kwa kipande cha mti ulale kabisa kwenye pengo. Mwisho nikachora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati kuja kwenye klachi, ili siku nikifungua nione kama kuna kilichosogea.

Mengine tulipita harakaharaka. Oringi (mpira wa duara wa kuzuia kuvuja) mpya ya kava, na oili SAE 30 mililita 250, basi. Usijaze oili za magari za kisasa zenye vilainishi vingi, klachi hii inaogelea kwenye hiyohiyo oili ya gia, itateleza. Pleti za klachi zenye kok kama ni mpya ziloweke kwenye oili kwanza zishibe. Waya wa klachi nikaweka mpya na ule wa zamani uliokuwa bado mzima nikauviringisha kwenye toolboksi pamoja na kile kinati cha kubania waya chini kwenye injini, maana klachi inaweza kuwa imefungwa kitaalam ukaangushwa na waya.

Barabarani sasa. Mpaka Urambo na Kaliua lami inakuruhusu, nilienda na gia ya nne mwendo wa wastani, kila nikisimama nabana klachi sailensa nasikiliza. Kimya. Palipoitesa klachi ni kwenye mchepuko wenye mchanga, pale unaenda na gia ya kwanza nusu klachi, nusu klachi, na mzigo nyuma, ndo mahali nati mbovu ingejionesha. Nikavuka daraja la Kikwete pale Malagarasi, nikalala Uvinza, asubuhi kava nimeligusa tu kwa nje kuangalia kama linavuja, kavu. Kutoka Kidahwe unashuka kwenda ziwani, Tabora tupo juu kama mita 1,200 na ziwa lipo kama 770, na kwenye miteremko ile niliachia mafuta injini inashika, yaani nguvu inageuka kila kona, na leva ya klachi haikubadilika uchezaji wake hata kidogo toka nilipoirekebisha Isevya. Mwanga, pale Kigoma mjini, nilifika naingiza gia laini kabisa.

Niliporudi Tabora nikalifungua kava kwa mzee, sio kwa sababu kuna tatizo, nilitaka kuona kwa macho. Ule mstari mweupe umenyooka vilevile, ulimi wa washa umelala kwenye pengo lake, oili imetoka ya kahawia bila kumetameta. Mzee akauangalia akasema tufunge, tukafunga, oringi mpya tena.

Kwa hiyo soketi naipa nyota tano zote, washa tano, nati tano, kii nne kwa sababu ya ile kusuguliwa, na Loctite nne maana ni nzuri kwa kazi yake lakini duka linaiuza kana kwamba inatosha peke yake. Seti kwa ujumla wangeongeza oringi ya kava na washa ya pili ningekuwa sina neno. Wenye Bajaj Chetak za zamani, muundo wake umetokana na Vespa na vitu vingi vinafanana kwa sura, ila msinunue kwa kufananisha macho, beba nati yako ya zamani dukani muilinganishe nyuzi kwa nyuzi kabla hujatoa hela.

Mwenye Vespa hapa Tabora anayejiandaa kwenda mbali, Mpanda, Nzega, Kigoma, popote, soketi yangu ipo kwa mzee Isevya na nimemwambia aiazime kwa yeyote atakayekuja. Njoo na washa yako mpya, oringi na oili, mengine tunayo.