Usiku Mmoja Nairobi: Mutura Kwanza, Rumba Baadaye

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo sijaleta simu wala redio hapa mezani. Leo bidhaa yetu ni usiku mmoja wa Nairobi, wa Ijumaa, toka saa kumi na moja jioni hadi saa saba na kitu usiku. Wengi mmekuwa mkiniuliza: nina siku mbili tu mjini, nile nini, nisikilize bendi wapi? Basi nimekwenda, nimekula, nimecheza, na majibu ninayo.

Nianze na jambo ninalolisimamia kabisa: kula barabarani kabla ya muziki. Bendi za rumba za hapa hazina haraka. Tangazo litasema saa mbili, wapigaji wataunganisha nyaya saa tatu, na muziki wenyewe hukolea baada ya saa nne. Ukiingia na njaa utanunua chipsi zilizopoa kwa bei ya klabu, kisha utachoka na kwenda nyumbani kabla mambo hayajaiva. Aliyeshiba hungoja kwa raha.

Mimi nilishuka nganya, yaani matatu yenye muziki mkubwa, pale barabara ya Tom Mboya, masikio bado yanavuma, nikakata kwa miguu kuelekea River Road. Ukitafuta mutura usitafute kibao, fuata moshi. Nilimkuta jamaa ana jiko la makaa na mutura imejikunja duara juu ya wavu. Kwa wageni: huo ni utumbo wa mbuzi au ng'ombe uliojazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, chumvi na viungo, ukachemshwa kwanza ndipo ukachomwa. Tazama ngozi yake. Ikiwa imekaza, inatoa mafuta na kuchuruza motoni, iko tayari. Ikiwa bado ya kijivu, subiri, usione haya kusubiri.

"Boss, ya ngapi?"

"Ya hamsini, na pilipili usinionee huruma."

Kisu kikapita haraka juu ya ubao, vipande vyembamba, kachumbari ya nyanya, kitunguu na dania juu, chumvi pembeni. Hapo hakuna kiti. Unasimama na kuokota kwa vidole, bega kwa bega na watu usiowajua, wa suti na wa mkokoteni. Nje inalia menoni, ndani laini, na ule uzito wa damu unabaki kinywani. Nimekula nyama choma Kenyatta Market mara nyingi na ninaipenda sana, lakini kwa shilingi 50 sijui kitu kinachoishinda hii. Smokie pasua, yaani soseji iliyopasuliwa ikatiwa kachumbari, nilikula pia. Ni sawa, inashibisha, tuendelee.

Sasa muziki, na hapa sikilizeni vizuri kwa sababu niliumia. Mahali pa kwanza nililipa kiingilio cha shilingi 500 niliposoma "bendi" mlangoni. Ndani nikakuta kijana mmoja na kinanda, nyimbo zinatoka kwenye kompyuta. Nilivumilia nusu saa, nikaondoka, pesa ikabaki. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwombe bawabu uchungulie jukwaani uhesabu magitaa. Rumba ya kweli inataka gitaa la solo, la ridhimu na la besi, na ngoma zinazopigwa na mtu kwa mikono yake mwenyewe.

Mahali pa pili nilihesabu magitaa manne. Nikalipa mara moja.

Mji huu una deni kubwa kwa wanamuziki wa Kongo. Bendi ya Super Mazembe walifika hapa 1974, na wenzao Les Mangelepa wakaundwa hapa hapa Nairobi 1976. Ndiyo maana mzee wa mitaa ya Umoja au Buruburu anaimba Kilingala bila kukijua, na hakosei neno. Ukibahatika kupata bendi ya benga usipite, maana pale gitaa linarukaruka likifuata nyuzi 8 za nyatiti, kinubi cha Wajaluo. Anayependa ukumbi tulivu aangalie ratiba ya Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa.

Lakini ngojeni sebene, ile sehemu ya wimbo ya magitaa na kucheza. Nusu ya kwanza ya wimbo waimbaji wanabembeleza, watu wamekaa na soda zao. Kisha sauti zinapisha, solo inashika, na meza zinabaki tupu. Mbele yangu mama mmoja wa makamo alivua viatu, akaviweka chini ya kiti vizuri, akamshika mumewe mkono. Walicheza dakika kumi bila kuinua miguu zaidi ya inchi moja. Nilimtazama mpiga besi: macho amefumba, kidole gumba tu ndicho kinachofanya kazi, na kifua changu kinaitikia.

Alama zangu: mutura tisa kwa kumi, bendi ya pili tisa na nusu. Sauti ya vipaza ilikuwa kali mno karibu na jukwaa, kaeni katikati. Mje na jaketi, hasa Juni na Julai, baridi ya mji huu ni ya kweli. Simu iwe mfuko wa ndani, na M-Pesa mlipe mkiwa bado ndani.

Saa saba nilirudi kwa yule jamaa wa jiko. Mutura ilikuwa imekwisha, ubao ameshauosha. Akanipimia supu ya mifupa iliyobaki, kikombe kimoja cha moto, na pesa akakataa. Ijumaa ijayo nitakuwa pale saa kumi na moja na nusu.