Kozi ya mtandaoni inayoanzia kichwani mwa ndege

Nimemaliza kozi hii ya mihadhara ya video kuhusu saikolojia ya ndege na mageuko ya ishara za wanyama, na ninaipendekeza kwa dhati kwa yeyote aliyewahi kujiuliza kwa nini mdudu mwenye sumu hujitangaza kwa rangi kali badala ya kujificha. Mwalimu hatafuti jibu kwa mdudu, bali kwa ndege anayemla: anaona nini, anajifunza upesi kiasi gani, na anakumbuka kwa muda gani.

Mhadhara wa rangi za onyo ndio bora kuliko yote. Jei wa buluu, ndege wa Amerika Kaskazini, akimla kipepeo monarki aliyekulia kwenye mimea yenye utomvu wa sumu, hutapika, na baada ya hapo humkwepa hata kipepeo mwingine anayefanana naye. Uigaji wa namna hii mwanaviumbe Mwingereza Henry Walter Bates aliueleza mwaka 1862 kutokana na vipepeo wa Amazon. Nilichokuwa sikijui kabisa ni kwamba vifaranga wa kuku wakinusa pirazini, harufu ya wadudu wengi wenye sumu, huanza kusita mbele ya chakula cha manjano ambacho hawajawahi kukionja.

Jaribio la watafiti Alan Bond na Alan Kamil, lililochapishwa mwaka 2002, limeelezwa kwa subira inayostahili. Jei walidonoa nondo wa kuchorwa kwenye skrini ya kompyuta, na kwa kuwa macho yao yalizoea sura zilizo nyingi na kupitwa na zile adimu, vizazi vya nondo hao, ambavyo kompyuta ilivizalisha kutokana na walionusurika, vilizidi kutofautiana na kuwa vigumu kuonekana.

Mhadhara wa uchaguzi wa wenza umeharakishwa mno. Mtafiti Malte Andersson, aliyerefusha mikia ya ndege dume nchini Kenya na kuona majike wakiwapendelea, ametajwa kwa sentensi mbili tu, bila kusema kwamba madume wengine walikatwa mikia na kugandishiwa ileile, hatua inayolipatia jaribio lile nguvu yake, kwa kuwa inaonyesha kwamba si kukatwa kwenyewe kulikoleta tofauti. Picha nazo zinasikitisha: tunaambiwa kwamba ndege wengi huona hata mwanga wa urujuanimno, lakini mabawa yote yanaonyeshwa kama yanavyoonekana kwa macho ya binadamu.