Leza ya Mazoezi ya Bastola: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Karibu kila mwenye bastola ya leseni ninayemfundisha hapa Dodoma huniuliza swali lilelile baada ya siku ya kwanza uwanjani: "Mwalimu, nyumbani nifanyeje mazoezi?" Risasi ni ghali, uwanja wa shabaha si wa kwenda kila Jumamosi, na mkono usiofanya mazoezi husahau upesi. Leza, yaani taa ya mwali mwembamba inayoacha nukta pale bastola ilipoelekea, inasaidia sana hapo. Ila leza zinatofautiana, na nimeona watu wakitoa hela nyingi kwa ile iliyowaharibia mkono.

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa mazoezi, nunua leza inayowaka pale tu triga inapoachia, kwa muda wa kupepesa jicho, kisha ikazima. Leza inayowaka muda wote ni ya mwalimu wako kuitazama, si wewe.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi. Bastola ikiwa tupu, weka sarafu ya shilingi mia mbili juu ya sleidi (sehemu ya juu ya bastola inayovutwa nyuma), nyuma kidogo ya kilengeo cha mbele, kisha vuta triga taratibu. Sarafu ikianguka, mkono wako umetikisika. Ukiweza mara kumi mfululizo bila kuiangusha, leza itakuwa na kitu cha kukufundisha.

Na usalama, maana mazoezi haya hufanyika sebuleni. Bastola iwe na leseni halali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Magazini itoke. Chemba, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, iangaliwe kwa macho, kisha iguswe kwa kidole. Risasi halisi zikae chumba kingine, zimefungiwa. Lenga ukuta wa tofali ambao nyuma yake hakuna mtu. Jipsam haizuii risasi. Ukimaliza, tamka kwa sauti: "Mazoezi yamekwisha." Ajali nyingi za aina hii hutokea mtu akisharudisha risasi, halafu akasema ngoja nivute mara moja ya mwisho.

Nafasi ya kwanza: risasi ya leza

Hiki ni kipande cha shaba au aluminiamu chenye umbo la risasi, kinachoingia ndani ya chemba. Kitakoni kina swichi ya mpira. Pini ya bastola ikiigonga, mwali mwekundu hupita ndani ya mtutu na kuacha nukta ukutani kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa bei za Marekani, za kawaida huuzwa kati ya dola 20 na 40. Unatumia bastola yako mwenyewe, triga yako, uzito wako na kilengeo chako, ndiyo maana naiweka juu ya zote.

Uzuri wake mkubwa ni mkia. Mkono ukitulia, unaona nukta moja ya duara. Ukitikisika wakati triga inaachia, nukta inajiburuta na kuacha alama kama koma. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa alizeti kutoka Kibaigwa, alikaa nami mbele ya ukuta mweupe ambao nilikuwa nimeuchorea duara la penseli lenye upana wa kiganja, hatua saba kutoka tuliposimama. Kila alipovuta, koma ilianzia ndani ya duara na kuishia chini kushoto.

"Mwalimu, bastola hii mbovu?"

"Hapana mzee wangu, ni nzima. Kidole kikivuta triga, vidole vingine vitatu navyo vinabana."

Nilimwambia akamate kwa nguvu ileile tangu mwanzo mpaka mwisho, kidole kimoja tu ndicho kitembee. Baada ya kama dakika ishirini koma ilifupika. Kwa anayetumia mkono wa kulia, chini kushoto ndiko kosa hilo huonekana zaidi. Kwa wa mkono wa kushoto, geuza upande. Uwanjani, mlio na mrusho wa bastola huficha kosa hili. Ukutani halina pa kujificha.

Sasa namna ya kununua. Kwanza soma kipimo kilichochongwa kwenye mtutu wako. 9x19 si sawa na 9 milimita fupi, na bastola nyingi za zamani ni 7.65. Pili, ijaribu: iweke kwenye chemba, lenga alama ukutani hatua tano, fyatua. Itoe, izungushe robo duara, rudia mpaka izunguke yote. Nukta ikihama na kuchora duara ukutani, leza haikukaa katikati ya ganda lake, na kila itakachokuambia ni uongo. Mimi niliwahi kununua moja kwa haraka bila kuizungusha, na kwa wiki mbili nikawa najirekebisha kosa ambalo sikuwa nalo. Tatu, chagua ambayo mpira wa kitakoni unabadilishika na vipuri vyake vimo kwenye boksi, kwa sababu huo ndio huchoka mwanzo.

Udhaifu wake ni kwamba bastola nyingi za kisasa, Glock kwa mfano, triga hairudi mpaka uvute sleidi tena. Hivyo unapata mfyatuo mmoja, unavuta sleidi, unaanza upya. Kwa anayejifunza kuvuta triga, sioni kuwa ni hasara. Mwenye rivolva, au bastola ambayo triga hukokota nyundo yenyewe kama Beretta 92, anafyatua mfululizo bila shida.

Nafasi ya pili: programu ya simu

Si mbadala wa risasi ya leza, ni nyongeza yake. Simu inasimamishwa mbele ya shabaha ya karatasi, kamera inaiona nukta, programu inarekodi ilipotua na muda uliotumia. iTarget ni mojawapo inayojulikana. Inafaa kwa anayefanya mazoezi peke yake na anayetaka kumbukumbu. Fanya ndani, pazia likiwa limefungwa. Jua la saa sita likiingia dirishani kamera hukosa nukta.

Nafasi ya tatu: bastola ya mazoezi yenye leza

SIRT ndiyo jina kubwa hapa. Ina ukubwa na uzito wa karibu na Glock 17, haiwezi kabisa kupakiwa risasi halisi, na triga hurudi yenyewe kila mara. Kwa ubora ingekuwa ya kwanza. Nimeishusha kwa ajili ya bei, maana inazidi dola 200 kabla ya usafiri na ushuru, na kwa sababu ina sura ya silaha. Usiiagize kabla hujaenda polisi kuuliza utaratibu wa kuiingiza, na upate jibu la maandishi. Kampuni ya ulinzi yenye walinzi ishirini wa kufundisha, hata hivyo, ianze na hii. Hakuna mlinzi atakayesahau risasi ndani.

Anayedhani ni mchezo wa watoto ajue kwamba tangu Olimpiki ya London 2012, wanamichezo wa pentathloni ya kisasa, shindano la michezo mitano, hufyatua kwa bastola za leza, mita 10 kutoka kwenye shabaha.

Nafasi ya nne: leza ya kufunga kwenye reli au mpini

Hizi ndizo wauzaji husifia zaidi. Reli ni mfuo ulio chini ya mtutu wa kufungia vifaa. Crimson Trace hutengeneza za mpini zinazowaka ukikamata bastola. Kama kifaa cha kulengea ni nzuri. Kama mwalimu wa mtu anayeanza, zina madhara mawili. Nukta hucheza ukutani hata kwa mpigaji hodari, kwa sababu mkono wa mtu hautulii kabisa. Mwanafunzi akiiona inacheza, anasubiri ipite katikati kisha anainyakua triga. Pili, jicho linaacha kilengeo cha mbele na kuanza kufukuza nukta. Siku leza isipowaka, hajui pa kutazama.

Ukiwa nayo tayari, mpe mwenzako kazi ya kuitazama. Wewe kaza jicho kwenye kilengeo, yeye akuambie nukta ilikwenda wapi triga ilipoachia. Kumbuka pia kwamba leza hukaa chini au pembeni ya mtutu, kwa hiyo nukta na risasi hukutana kwa umbali mmoja tu uliourekebisha.

Zile za kalamu za mitaani, za kufunga kwa utepe, usinunue. Nyingi hazionyeshi nguvu yake, na leza inayozidi miliwati 5 inaweza kuumiza jicho la mtoto anayepita. Hata ndogo, usielekeze kwenye kioo wala skrini ya televisheni.

Kuhusu rangi: jicho letu huona kijani vizuri kuliko nyekundu, na kwa jua la Dodoma nyekundu hupotea nje baada ya hatua chache. Ndani ya nyumba nyekundu inatosha, nayo ni nafuu. Betri ni zile za kitufe, kama za saa ya mkononi. Soma namba yake kabla hujalipa, na hakikisha fundi saa wa mjini anayo. Lenzi ifute vumbi kwa kitambaa laini kila baada ya zoezi, na betri uzitoe ukiihifadhi.