TAHADHARI: "Miche ya tini" inayopitishwa Ujiji na Mwanga ni mikuyu

Wana Kigoma, kuna kijana anapita mitaani na baiskeli, nyuma kreti la soda limejaa viriba vilivyoandikwa TINI UTURUKI. Mche mmoja sh. 15,000. Msinunue.

Mimi nilichukua 4, kabla ya Ramadhani ya mwaka jana. Aliniingia kwa Surat Tin. Nani wa Ujiji atakataa kupanda tunda ambalo Mwenyezi Mungu ameapa kwalo? Nikamwuliza nitajuaje kama ndiyo yenyewe. Akakata jani, utomvu mweupe ukachuruzika. "Unaona maziwa hayo, mama? Tini hiyo." Nikaridhika, mtu mzima na miwani yangu usoni.

Kumbe mkuyu nao una maziwa hayohayo. Ni ukoo mmoja na mtini. Tazameni jani. La mtini kwa kawaida limegawanyika vidole 3 hadi 5, ungesema la mpapai ila dogo, na ukilipapasa linakwaruza. Yangu yote mviringo, hayana kidole hata kimoja. Bwana shamba aliyatambua akiwa bado getini. Na miwili nilikuwa nimeipanda hatua chache kutoka kwenye karo la choo, mti unaoweza kufika mita 20! Nimeing'oa yote, mmoja nikauhamishia bondeni kwenye maji, ndiko kwao. Ukizaa, makuyu yake watakula nyani.

Tena hiyo Uturuki yake. Tini za kule zinazokaushwa, zile za Smyrna, hupukutika changa bila kijinyigu maalumu kinachoingia ndani ya tunda kuzichavusha. Kwa hiyo hata angekuwa mkweli ningevuna majani. Anayetaka tini aulize aina inayozaa bila kuchavushwa, kama Brown Turkey (jina tu hilo, lisiwachanganye), na akate pingili kwenye mti aliouona ukizaa kwa macho yake. Pingili ya mtini hushika upesi, haina haja ya kubembelezwa.

Nilimpigia. Akasema, "Subiri mama, majani yatagawanyika mti ukikomaa." Kesho yake namba haipatikani.

Juzi jirani yangu kamwona tena karibu na stendi. Baiskeli ileile, kreti lilelile, majani yaleyale ya mviringo. Safari hii viriba vimeandikwa ZAITUNI.